Kolesteroli ya mgonjwa wa dialisisi imeshuka? Ulizeni kwanza imeshushwa na nini

MuuguziWaFigo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nafanya kazi kwenye kitengo cha dialisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine kwa watu ambao figo zao zimeshindwa. Kuna jambo ndugu wa wagonjwa wananiuliza kila wiki, na pale pembeni ya kitanda, mashine zikilia huku na huku, hakuna nafasi ya kulieleza likaeleweka. Nimeona nilifungulie uzi.

Ndugu anakuja na karatasi ya maabara, uso umemkunjuka. "Sista, ona, kolesteroli ya mzee ilikuwa 5.8, sasa 3.1. Tumemkataza mayai, nyama, maziwa, nazi, kila kitu. Moyo wake sasa uko salama?" Natamani nimjibu ndiyo. Nikishuka mistari michache chini nakuta albumini, ile protini ya damu inayotengenezwa na ini, iko chini: 29. Nikimtazama mzee mwenyewe, mkanda wa suruali umetobolewa tundu jipya.

Ninachotaka kusema ni hiki: kwa mtu aliye kwenye mashine, kolesteroli iliyoshuka bila dawa mara nyingi ni dalili kwamba mwili unapungukiwa au una ugonjwa mwingine unaoutafuna. Moyo wake haujapona chochote. Na familia zetu, kwa upendo kabisa, zinamnyima mgonjwa chakula anachokihitaji ili namba hiyo izidi kushuka.

Hili halijaanza jana. Mwaka 1990 Lowrie na Lew walichapisha uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 12,000 wa dialisisi huko Marekani. Kwa watu wa kawaida tumezoea kwamba kolesteroli ikipanda, vifo vya moyo navyo vinapanda. Kwa wagonjwa hawa, waliokuwa na kolesteroli ya chini ndio waliokufa zaidi, na kipimo cha maabara kilichotabiri kifo kwa nguvu kuliko vyote kilikuwa albumini. Kisha Okinawa, Japani, Iseki na wenzake wakafuatilia wagonjwa 1,167 na kuchapisha mwaka 2002. Wenye kolesteroli ndogo walikufa zaidi, ila kwa wale ambao albumini yao ilikuwa nzuri, picha iligeuka: kolesteroli kubwa ikaonekana kuwa na hatari yake.

Kuna waliosoma hayo wakasema basi mafuta yanamlinda mgonjwa wa figo. Hapana. Utafiti ulionifungua macho ni ule wa CHOICE wa Marekani, uliochapishwa 2004. Wagonjwa 823, vituo 79. Waliwatenga wagonjwa kwa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni wenye utapiamlo au inflamesheni, yaani mwili uko kwenye mapambano ya ndani yasiyokwisha: albumini chini ya 36 g/L, au CRP, kipimo cha damu kinachopanda mwili ukiwa na inflamesheni, ya 10 mg/L kwenda juu, au kipimo kingine cha damu cha namna hiyo kiko juu. Fungu la pili ni wasio na lolote kati ya hayo. Kwenye fungu la pili, kila kolesteroli ilipozidi kwa 40 mg/dL, ambayo ni kama 1 mmol/L, hatari ya kifo ilizidi kwa asilimia 32. Yaani kolesteroli inafanya ubaya wake uleule tunaoujua. Kwenye fungu la kwanza uhusiano huo haukuonekana kabisa, kwa sababu ugonjwa na njaa vilikuwa vimekwisha kuishusha kolesteroli ya watu ambao tayari walikuwa njiani kufa.

Sasa angalieni ukubwa wa mafungu. Wale wenye utapiamlo au inflamesheni walikuwa asilimia 77. Zaidi ya watatu kati ya wanne. Kwa hiyo ukikutana na mgonjwa wa dialisisi mwenye kolesteroli 3.1 asiyemeza dawa ya kuishusha, dhana ya kwanza iwe kwamba yumo kwenye fungu hilo, mpaka vipimo vikatae.

Nakaribisha maswali. Madaktari mliomo humu, nisahihisheni nitakapoteleza.

---

kisimani_jr

Asante sana sista. Mama yangu ana miezi kadhaa kwenye mashine, mpira wa kupitishia damu uko shingoni bado. Kolesteroli yake 3.3, tukafurahi. Ila kweli kapungua mno, na nyama anaikataa, anasema inamnukia vibaya. Albumini sijui kama walipima. Nianzie wapi?

---

MuuguziWaFigo

Pole na uangalizi ndugu yangu. Anzia kwenye faili lake. Tafuta albumini na uulize kama CRP iliwahi kupimwa. Kama haijapimwa, mwombe daktari wake kwa upole ampimie, si kipimo cha ajabu. Halafu uliza uzito mkavu wake, ule wanaoulenga akimaliza mashine, mara ya mwisho ulibadilishwa lini. Mgonjwa anayekonda huku uzito mkavu umeachwa palepale anajaa maji bila watu kujua. Nyama inayeyuka, maji yanachukua nafasi yake, mizani inasema kilo zilezile.

Na hiyo ya nyama kumnukia ni ya kweli, sumu zikibaki damuni ladha inaharibika. Waulize kama usafishaji wake unatosha: anakaa saa ngapi, mpira unatoa damu vizuri au unasumbua. Ukipata majibu rudi hapa.

---

Mpenda_Ukweli

Sasa sista, mbona mzee wangu ameandikiwa atorvastatini na anaimeza kila usiku? Kama kolesteroli ndogo ni mbaya kwake, si tunammaliza kwa pesa yetu wenyewe? Au hizi dawa ni biashara tu ya watu? Nifikirie kumwachisha leo.

---

MuuguziWaFigo

Usimwachishe kwa sababu ya uzi wa mtandaoni, mkuu, hata kama uzi ni wangu. Kolesteroli kushuka kwa dawa na kushuka kwa njaa ni vitu viwili. Nangoja daktari aingie, hili ni lake.

---

Dk_wa_Wilayani

Nimeingia. Sista ameeleza vizuri, niongeze la dawa, maana linahitaji kusemwa taratibu.

Swali la kama statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli kama hiyo atorvastatini, zinaokoa wagonjwa wa dialisisi halikuachwa kwenye kubahatisha. Ujerumani walifanya jaribio linaloitwa 4D: wagonjwa 1,255 wenye kisukari cha aina ya pili, wote kwenye mashine, nusu atorvastatini ya 20 mg, nusu kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitoka 2005. LDL, ile kolesteroli tunayoiita mbaya, ilishuka kwa asilimia 42 kwa waliomeza dawa. Lakini vifo vya moyo, mashambulio ya moyo na viharusi kwa pamoja vilipungua asilimia 8 tu, tofauti ambayo kitakwimu ingeweza kutokea kwa bahati. Tena vifo vitokanavyo na kiharusi vilikuwa 27 upande wa dawa na 13 upande mwingine.

Watu wakasema labda ni kisukari kilichoharibu hesabu. Likaja AURORA, 2009: wagonjwa 2,776, nchi 25, wenye kisukari na wasio nacho, rosuvastatini 10 mg. LDL ikashuka asilimia 43. Vifo vya moyo, mashambulio na viharusi vikabaki karibu sawa pande zote mbili.

Halafu SHARP, 2011, watu 9,270 wenye ugonjwa sugu wa figo, kati yao 3,023 wako kwenye dialisisi na waliobaki bado hawajafika. Baadhi walipewa simvastatini pamoja na ezetimibu, dawa nyingine ya kushusha kolesteroli, na wengine kidonge kisicho na dawa. Kwa jumla, matukio makubwa yatokanayo na mishipa kuziba kwa mafuta yalipungua kwa asilimia 17. Na mwaka 2016 takwimu za majaribio 28 zilipounganishwa, ilionekana wazi kwamba kadiri figo zinavyozidi kushindwa, ndivyo faida ya statini inavyozidi kupungua, na ukifika kwenye mashine ushahidi wa faida unakuwa mdogo sana.

Ndiyo maana mwongozo wa KDIGO wa 2013, ambao madaktari wa figo duniani wanautumia, unasema hivi: mtu aliyekwisha kuingia dialisisi asianzishiwe statini kama jambo la kawaida. Aliyekuwa akiitumia kabla ya kuingia, aendelee nayo. Ambaye figo zimechoka lakini hajafika kwenye mashine, na ana miaka 50 au zaidi, aanzishiwe. Aliyepandikizwa figo naye apewe.

Mpenda_Ukweli, kama mzee wako alikuwa akimeza kabla ya mashine, yuko ndani ya mwongozo, mwache. Kama ameanzishiwa akiwa tayari kwenye mashine, muulize daktari wake sababu. Huenda ana mshipa wa moyo uliowekewa stenti, kile kibomba cha kuuweka wazi, huenda LDL yake ni kubwa kweli. Uchambuzi wa baadaye wa 4D ulionyesha kwamba waliokuwa na LDL ya 145 mg/dL kwenda juu, yaani kama 3.8 mmol/L, huenda walipata faida. Ni uchambuzi uliofanywa baada ya jaribio kwisha, hautoshi kuwa sheria, lakini unatosha daktari kufikiria mgonjwa mmoja mmoja.

---

Mpenda_Ukweli

Shukrani daktari. Aliwekewa stenti kabla figo hazijafeli, na kidonge alianza wakati ule. Basi naacha kama kilivyo.

---

Hoja_Nzito

Mimi naomba kupinga kidogo, bila kumvunjia mtu heshima. Uzi huu utasomwa na watu wenye presha na sukari ambao figo zao bado zinafanya kazi. Watasikia "kolesteroli ndogo mbaya, dawa hazisaidii" waache vidonge na kurudi kwenye chipsi na mafuta. Mmewafikiria hao?

---

Dk_wa_Wilayani

Hoja yako ni ya msingi na naishukuru. Niseme kwa sauti: kama hujaingia kwenye mashine, haya ya 4D na AURORA hayakuhusu. Kwako wewe statini ikiandikwa, imeze. Kipindi kile figo zinachoka taratibu, wakati bado unakojoa vizuri na unajiona mzima, ndicho kipindi ambacho dawa hizi, pamoja na kudhibiti presha na sukari, zinaokoa watu. Kwetu huku tunapoteza kipindi hicho. Mtu anafika hospitali mara ya kwanza akiwa amevimba na kreatinini, taka ya damu ambayo figo nzima huitoa, imepita 1,000, tunaanza na mpira wa shingoni siku hiyohiyo. Miaka yote ambayo kidonge kingefanya kazi imekwisha pita akiwa hajapimwa hata mkojo. Kwangu hilo linauma kuliko mjadala wa kumwanzishia au kutomwanzishia statini akiwa tayari kwenye mashine.

Mwenye sukari au presha, omba kreatinini na protini ya mkojo angalau mara moja kwa mwaka. Vipimo hivi havihitaji hospitali kubwa.

---

bint_Kirumba

Nimesoma nikiwa nalia. Kaka yangu alikuwa na miaka 31. Mashine yake Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Kolesteroli hakuwahi kuwa nayo juu hata siku moja. Ijumaa alimaliza vizuri, Jumapili tukala naye, Jumatatu alfajiri tukamkuta amefariki kitandani. Watu wakasema karogwa. Mama mpaka leo anajiuliza alimpa nini cha kula. Moyo wa kijana wa miaka 31 unasimamaje?

---

MuuguziWaFigo

Pole sana dada. Mungu amrehemu kaka yako na ampe mama nguvu. Nitakujibu kwa uzito unaostahili, kwa sababu jibu lipo, na mama anastahili kulisikia.

Vifo vya wagonjwa wa dialisisi, karibu nusu ni vya moyo na mishipa. Na umri hauwakingi. Foley na wenzake walionyesha mwaka 1998, kwa takwimu za Marekani, kwamba kijana wa miaka 25 hadi 34 aliye kwenye dialisisi ana hatari ya kufa kwa moyo inayokaribiana na ya mzee aliyepita miaka 75 asiye na ugonjwa wa figo. Mzee wa kawaida hufa kwa mshipa wa moyo ulioziba kwa mafuta. Kwa hawa wetu mara nyingi mambo huwa tofauti. Katika lile jaribio la 4D, kifo cha ghafla cha moyo kilikuwa kama robo ya vifo vyote. Moyo unapoteza mapigo yake, unasimama. Hapo ndipo unaelewa kwa nini kushusha LDL kwa asilimia 40 hakukuokoa wengi: dawa ilikuwa inapambana na njia moja ya kifo, huku wagonjwa wakifa kwa njia nyingine.

Moyo wa mtu wa mashine unakuwa umenenepa kuta zake kwa presha ya miaka na kwa kubeba maji mengi. Ukuta ukinenepa, makovu madogo yanaingia kati ya misuli, na umeme wa moyo unakosa njia iliyonyooka. Juu ya hapo kuna fosfeti ambayo figo haziitoi. Inaungana na kalisi na kujipaka kwenye ukuta wa mishipa, kama ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika linalochemshia maji ya chumvi. Mshipa unakuwa mgumu bila kuhitaji mafuta. Kisha potasiamu, inapanda polepole kati ya mashine na mashine, na ikipita kiasi inaweza kuusimamisha moyo bila dalili yoyote ya kuonya.

Na hiyo Jumatatu yenu, dada, inajulikana. Mwaka 2011 Foley huyohuyo na wenzake walichunguza wagonjwa 32,065 wa Marekani waliokuwa wakisafishwa mara tatu kwa wiki. Siku inayofuata ule mwanya mrefu wa mwisho wa wiki, vifo vilikuwa 22.1 kwa kila watu 100 kwa mwaka, ikilinganishwa na 18.0 siku nyingine. Maji na potasiamu vya siku mbili nzima vinakusanyika, halafu vinaondolewa kwa mkupuo.

Kwa hiyo mwambie mama: hakurogwa mtu, na si sahani ya Jumapili iliyomuua mwanawe. Alikuwa na ugonjwa ambao mpaka leo, hata kwenye nchi zenye kila kifaa, unawaondoa vijana kwa namna hiyohiyo.

---

bint_Kirumba

Asante. Nitamsomea.

---

Mkaazi_Thika

Nasoma kutoka Kenya. Hapa bima ya umma kwa miaka mingi ilikuwa ikilipia mara mbili kwa wiki, ukitaka ya tatu ulitoa mfukoni, na wengi hatuna. Ndugu yangu anaenda Jumatatu na Alhamisi. Kama wa mara tatu wanakufa kwa ule mwanya wa wikendi, sisi wa mara mbili tunafanya nini? Haya ya kolesteroli naona hata hayatufikii.

---

MuuguziWaFigo

Umegusa penye kidonda. Utafiti wote huu mkubwa ulifanywa kwa watu wa mara tatu. Kwa mara mbili mwanya ni mrefu zaidi, hesabu haihitaji profesa. Lakini yapo ya kushikilia.

La kwanza na kubwa ni chumvi. Watu wanahangaika kupima maji ya kunywa kwa kikombe huku ugali unashushiwa na mboga iliyojaa chumvi na kiungo cha mchuzi cha pakiti. Chumvi ikipungua, kiu inapungua yenyewe. Akija na kilo tano za maji, mashine italazimika kuyavuta kwa kasi, na kasi hiyo nayo inaumiza moyo. Utafiti wa 2011 uliona vifo vikiongezeka pale maji yanapovutwa zaidi ya mililita 13 kwa kilo moja ya mwili kwa saa. Piga hesabu: mtu wa kilo 60, saa nne, ni lita tatu na kidogo tu. Kama anakuja na zaidi ya hapo, aombe aongezewe muda, asikubali kupunguziwa. Najua mgonjwa mwenyewe ndiye hutuomba tumtoe nusu saa mapema kwa sababu amechoka na gari linamsubiri. Msimruhusu.

La pili, kama bado anakojoa, mkojo huo ni mali. Ulindeni. Asimeze diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo, wala asichomwe sindano za maumivu duka la dawa bila kusema kwamba ana figo.

La tatu, potasiamu kwa siku zile tatu za Alhamisi mpaka Jumatatu: apunguze ndizi mbivu, parachichi, maembe, maji ya madafu, na supu ya mboga iliyochemshwa muda mrefu. Viazi vimenywe, vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, maji yale yamwagwe. Na ile chumvi mbadala wanayouziwa wenye presha, msiiguse, imetengenezwa kwa potasiamu.

---

Shangazi_Tanga

Wanangu, mimi mwenyewe ndiye mgonjwa. Nimesoma yote kwa miwani. Nyumbani wamenikatia mayai, wamenikatia samaki wa nazi, wanasema mafuta. Nakula wali mkavu na mchicha. Mkono wangu huu ukiuona utasema wa mtoto. Niwaambieje hawa vijana?

---

MuuguziWaFigo

Shikamoo shangazi. Waonyeshe ujumbe huu, na wasome wote.

Mtu mwenye figo zilizochoka ambaye bado hajaingia kwenye mashine huambiwa apunguze protini. Ushauri ule ukifuatwa mpaka kwenye mashine unaharibu. Kila unapokaa kitini, mashine inaondoka na sehemu ya chakula cha mwili wako. Mwongozo wa lishe wa Marekani wa 2020 unataka mtu wa dialisisi apate gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Ukiwa na kilo 55, ni gramu 55 hadi 66. Yai moja lina kama gramu sita. Wali na mchicha haukufikishi hata nusu ya njia.

Yai kula, shangazi. Ukitaka kuwa mwangalifu na fosfeti, ongeza ute na punguza kiini, maana fosfeti ya yai karibu yote iko kwenye kiini. Ute hauna kolesteroli pia, kwa hiyo hata hao vijana watakosa la kubisha. Samaki kula, changu, kibua, jodari, mnofu wa ukubwa wa kiganja mchana na usiku. Kuku kula. Dagaa ni protini nzuri ila unamtafuna na mifupa yake, na fosfeti iko humo, basi awe wa mara mojamoja. Tui la nazi jepesi kwenye samaki halina ugomvi nami, ugomvi wangu ni na madafu kwa sababu ya potasiamu. Soda nyeusi acha kabisa, ile fosfeti iliyowekwa kiwandani mwili unaimeza karibu yote.

Kama umepewa kidonge cha kufunga fosfeti, kimeze katikati ya mlo. Kikimezwa peke yake saa mbili baadaye hakina kazi.

---

Shangazi_Tanga

Marahaba mwanangu. Mungu akuweke. Kesho nakaangiwa yai mbele yao.

---

Mti_Dawa

Vipi kuhusu unga wa mlonge na kitunguu saumu kushusha kolesteroli na kuongeza nguvu? Wengi wanatumia.

---

Dk_wa_Wilayani

Kitunguu saumu cha kuungia mchuzi, sawa. Unga wa mlonge kwa mgonjwa wa mashine, hapana, majani yake yaliyokaushwa yana potasiamu nyingi sana. Na kwa kuwa tunazungumzia mimea, tunda la nyota, lile ukilikata linatoa umbo la nyota, halifai kabisa kwa mtu wa dialisisi. Lina sumu ambayo figo nzima huitoa. Kwa asiye na figo huanza na kwikwi isiyokoma, kisha kuchanganyikiwa, degedege, na wapo waliokufa. Nasema hili kwa sababu juisi yake inauzwa kama dawa ya presha.

---

kisimani_jr

Nimerudi. Leo nimepata majibu ya mama. Albumini 30. CRP 46. Homa hana, ila nesi mmoja alisema alitetemeka kidogo wiki iliyopita akiwa kwenye mashine, ikapita. Kolesteroli ndiyo hiyo ya chini. Naanza kuogopa.

---

MuuguziWaFigo

Uoga wako tuugeuze kazi. CRP 46 haitoki hewani. Kuna kitu kinachoma ndani, na kwa mtu mwenye mpira shingoni, mpira ndio mshukiwa wa kwanza. Kutetemeka mashine ikiwa inaendelea, hata bila homa, ni dalili ya bakteria waliojificha ndani ya mpira na kusukumwa damuni pampu inapoanza kuzunguka. Mwambie daktari neno kwa neno ulivyotuandikia: alitetemeka, siku gani, dakika ngapi baada ya kuunganishwa. Waombe wachukue damu ya kuotesha vijidudu kabla hajapewa antibayotiki yoyote, kutoka kwenye mpira na kutoka mkononi.

---

Dk_wa_Wilayani

Nakubaliana. Na ikionekana mpira ni safi, usiishie hapo. Kagueni meno na fizi, vidonda vya miguu kama ana sukari, kikohozi cha muda mrefu. Kifua kikuu kwa wagonjwa hawa mara nyingi hujificha nje ya mapafu na hakileti makohozi. Mwulizeni pia daktari wa upasuaji kuhusu fistula ya mkononi, yaani mishipa miwili ya mkono inayounganishwa ili damu ipitie hapo badala ya mpira, foleni ianze sasa, kwa sababu baada ya kutengenezwa inahitaji wiki kadhaa mpaka miezi kukomaa, na muda wote huo mpira unabaki shingoni. Kolesteroli ya mama pimeni tena baada ya CRP kushuka na albumini kupanda. Ikipanda nayo kuelekea 4 na kitu, msishtuke.

---

kisimani_jr

Mashine yake ni kesho saa moja asubuhi. Nitaenda naye. Akitetemeka tena nifanye nini palepale?

---

MuuguziWaFigo

Mwite nesi hapohapo, usisubiri amalize. Sema "ametetemeka, ana mpira, CRP 46." Wampime joto na presha, wachukue damu ya kuotesha, daktari aitwe. Na kama atatetemekea nyumbani usiku, au akipata homa, au akianza kuongea asivyoeleweka, mpeleke dharura usiku huohuo, msingoje zamu yake ya mashine. Blanketi beba, na faili lake lote.